Nguzo Kumi na Nne za Mwambani

Ulipita pale. Usianze kutafuta maneno, ulipita. Ilikuwa mchana kweupe, jua la kuchoma utosi, ukamwona mwanamke amechutama juu ya jabali akichochea moto usio na sufuria. Ukajiuliza anapika nini. Kisha ukamwona mumewe akimwaga ndoo nzima ya maji juu ya moto ule ule, mvuke ukapanda, jiwe likalia kwa mlio wa kupasuka, nawe ukasema moyoni, "Hawa nao wana yao." Ukapandisha kioo, kama ulikuwa kwenye gari. Ukageuza shingo, kama ulikuwa kwa miguu. Shingo yako ni nyepesi kugeuka, tunaijua tangu zamani. Iligeuka watu walipohamishwa bondeni, ikageuka tena siku ya kugawa viwanja, wenye kujuana walipopewa udongo na wasio na mtu wakapewa mwamba. Leo ishike kwa mikono miwili, itulie, usikie kilichochomwa pale na kwa nini.

Moto ule ulikuwa wa kuchimba shimo.

Mwanamke yule wanamwita Mama Kokoto. Kwa miaka kumi na minane amepasua mawe kwa nyundo na kuwauzia wajenzi kokoto, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havina kucha. Mumewe wanamwita Fundi, basi, bila kuongeza fundi wa nini, maana kuta nyingi za mawe katika makazi yale zimepita mikononi mwake. Watoto wao walishakwenda kujitegemea mbali. Aliyebaki nyumbani ni mama mzazi wa Fundi, kikongwe mwembamba mwenye ulimi usiozeeka, aliyezoea kusema kwamba yeye na mkwewe wamegombana miaka ishirini mpaka wakapendana kwa uchovu.

Nyumba yao ni ya mwisho, upande unaotazamana na pori la nyati. Mwaka uliopita nyati waliua watu watatu, mmoja akiwa chooni. Ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba kuna watu wanaishi pale, ukaja Mradi wa Ua. Mradi ulileta nguzo za mbao zilizotiwa dawa na waya mnene wa nyuzi nane. Kila kaya ikaambiwa ichimbe yenyewe mashimo yaliyo mbele yake, kila shimo sentimita themanini kwenda chini, yaani mkono wa mwanamume mzima unaingia mpaka begani. Kipimo kimoja kwa wote, wakasema, ili pasiwe na upendeleo.

Wenye udongo walimaliza kwa siku tatu. Mke wa mwenye duka alichimba ya kwake huku amevaa kandambili. Lakini mbele ya nyumba ya Mama Kokoto, mahali palipopangiwa nguzo kumi na nne, palikuwa na mwamba mtupu, mweusi, mmoja, usio na mwanzo wala mwisho. Fundi alipiga sururu siku ya kwanza. Sururu ikaruka ikamrudia, nusura imvunje ugoko. Akapiga mtaimbo siku ya pili mpaka ncha ikajikunja kama ulimi wa mbwa.

Hapa usikie jambo ambalo waliochora ramani hawakulifikiria. Ua ulipofungwa kila upande isipokuwa pale, nyati hawakuacha kuja. Waliacha kutawanyika. Zamani nyati mmoja alipita huku, wawili kule. Sasa wote walifuata waya mpaka wakaufikia mwanya wa Mama Kokoto, wakaingilia hapo hapo. Bustani ikawa uwanja. Mama mkwe, aliyezoea kuota jua la asubuhi nje, akafungiwa ndani kama mwali. Na majirani, waliolala sasa usingizi wa kukoroma, wakaanza kuiita nyumba ile Lango la Nyati.

* * *

Fundi hakuwa mtu wa kushindwa na jiwe. Alikumbuka kazi aliyowahi kuifanya barabarani, akakusanya vipande vya waya vilivyobakizwa na majirani, yeye na mkewe wakafuma vikapu. Kila kikapu kimo cha kiuno, kipana kama pipa, kimejazwa mawe, makubwa chini na madogo juu, na katikati ya mawe nguzo imesimama wima. Hakuna shimo hata moja. Uzito wa mawe ndio unaoshika. Walifuma siku tisa, na Mama Kokoto ndiye aliyekaza nyuzi kwa kipande cha chuma mpaka ukizigusa zinavuma.

Walipomaliza, Fundi aliazima dume la ng'ombe la jirani, akalifunga kamba kwenye nguzo ya katikati na kulipiga mjeledi. Dume likavuta mpaka likapiga magoti. Nguzo haikutikisika. Watu waliokuja kutazama walicheka, na mama mkwe akiwa dirishani akauliza kama ng'ombe naye ni wa Mradi, kwa maana anasali badala ya kufanya kazi. Usiku wa siku tatu mfululizo nyati walikuja, wakanusa, wakarudi zao. Bustani ikaanza kuchipua.

Siku ya nne akaja mkaguzi, yule wanayemwita Bwana Kipimo. Si mtu mbaya wa sura. Ana shati safi, kalamu mbili mfukoni, na fimbo ya chuma yenye mstari mwekundu kwenye sentimita themanini. Aliuzunguka ua ule kimya, majirani nyuma yake, mwenyekiti wa makazi pembeni yake.

"Shimo liko wapi?" akauliza.

"Hapa hakuna shimo, bwana," Fundi akasema. "Hapa kuna mwamba. Ndiyo maana tumeweka vikapu."

"Nimeuliza shimo, mzee."

Fundi akaeleza, kwa adabu, habari ya uzito, ya mawe, ya lile dume la ng'ombe. Akaweka bega kwenye nguzo, akasukuma kwa nguvu zake zote, kisha akamkaribisha mkaguzi naye asukume. Bwana Kipimo akalitazama shati lake.

"Mimi sikutumwa kusukuma. Nimetumwa kupima."

Akashusha fimbo yake juu ya mwamba. Ikalia, ngo. Akaandika kwenye karatasi, na huku akiandika akatamka, kama mwalimu anayemsomea mtoto matokeo: sifuri. Akaenda nguzo ya pili: ngo, sifuri. Alipita zote kumi na nne. Angeweza kuacha baada ya nguzo ya kwanza, lakini alipita zote, na majirani wakahesabu naye.

Mama Kokoto akamwambia basi aandike kwamba ni mwamba. Akajibiwa kwamba fomu haina mahali pa mwamba, ina mahali pa kina cha shimo. Kisha ikaja hoja ya pili: waya wa vikapu ni mali ya Mradi na ni wa kufungia ua, si wa kubebea mawe. Vikapu vivunjwe leo hii, waya urudishwe garini. Na ya tatu: wamepewa siku kumi na mbili. Mashimo yasipotimia, mstari wa ua utahamishwa, utapita nyuma ya nyumba yao, kule kwenye udongo laini.

"Na sisi?" Mama Kokoto akauliza.

"Nyinyi mtakuwa mbele ya ua."

"Mbele ni wapi?"

Bwana Kipimo akanyoosha kalamu kuelekea porini. "Mbele," akasema.

Walivunja vikapu wenyewe, mbele ya watu. Hilo ndilo Mama Kokoto alilolisimulia baadaye zaidi ya mengine yote, jinsi ambavyo nyuzi alizozikaza kwa siku tisa zilifunguka kwa saa mbili, na mawe yakabingirika yakasimama miguuni mwa majirani, na hakuna aliyelirudisha hata moja. Mwenyekiti alimvuta Fundi kando akamwomba wajitahidi jamani, wasiwaangushe wenzao, kwa kuwa makazi yote yananyimwa cheti cha Mradi cha ua kukamilika kwa sababu ya kaya moja. Alisema kwa upole. Watu wa namna ile husema kwa upole.

* * *

Kuna njia moja ya zamani ya kutoboa mwamba kwa asiye na baruti wala mashine. Unawasha moto juu yake mpaka jiwe lishike joto tumboni, kisha unalimwagia maji baridi kwa ghafla. Linapasuka ganda, unene wa vidole viwili hivi. Unang'oa ganda kwa tindo na mtaimbo, unawasha tena. Fundi aliijua, na hakuipenda. Alimwambia mkewe siku ile ile kwamba moto ni mtumishi asiye na akili, ukimtuma apasue hapa anapasua na pale.

"Una njia nyingine?" Mama Kokoto akamuuliza.

Hakuwa nayo. Wakaanza.

Kuni zilikuwa tatizo, maana pori ni la nyati na anayeokota hata kijiti humo hukamatwa. Kwa hiyo walichoma vyao. Banda la kuku lilitoboa mashimo mawili. Meza na benchi vikatoboa la tatu na nusu ya la nne. Kabati alilonunua Mama Kokoto kwa kokoto za msimu mzima liliwaka vizuri, likanukia vanishi, naye akasimama upande ambao moshi unakwenda ili apate sababu ya kujifuta macho. Baada ya wiki moja, wakizungumza ndani ya nyumba, sauti ilikuwa inawarudia.

Maji nayo. Bomba ni moja, foleni inaanza alfajiri. Mama Kokoto alipofika siku ya tano na ndoo zake sita, mke wa mwenye duka akawaambia wenziwe, kwa sauti ya kusikika, kwamba mwenzetu siku hizi anaogesha mawe.

"Naam," Mama Kokoto akasema. "Yakitakata nitakuja nikuogeshe na wewe."

Wakacheka, na kicheko kikawa upande wake kwa muda wa ndoo mbili. Kisha wakakaa wakashauriana, wakaamua kwamba maji ya kunywa yatangulie na maji ya mawe yafuate. Tangu siku hiyo akawa wa mwisho, hata kama amefika wa kwanza.

Siku ya nane mbao zilikwisha. Fundi alikuwa amesimama mlangoni akiupima mlango kwa macho, mama yake akamwona.

"Mlango uache," akasema. "Chukueni kitanda."

"Mama, hicho ni kitanda chako."

"Ni mti mgumu huo, unakaa kwenye moto. Hizo mbao zenu za maboksi zinaupasha mwamba homa tu." Akaanza mwenyewe kukunja shuka. "Nimekilalia miaka hamsini. Kama ni usingizi, nimekwisha kulala wa kutosha. Nimekuzalia hapo hapo, Fundi, na hukuona haya kuja. Kwa nini uone haya kukiondoa?"

Mama Kokoto alikibeba upande wa miguu. Miguu minne ya kitanda kile ilitoa mashimo ya kumi na moja na ya kumi na mbili, na kichwa chake, kilichochongwa maua, kikatoa nusu ya la kumi na tatu, mbao za ubavuni zikamalizia hilo na la kumi na nne. Mwanamke mzee alihamia kwenye mkeka, akasema sakafu ina faida yake, mtu haanguki.

Siku ya kumi na moja, jioni jua halijazama, Fundi alilala kifudifudi juu ya mwamba akaingiza mkono katika kila shimo. Yote yalimfika begani. Alipoinuka hakuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Akamwita mkewe, akamshika kidole chake kisicho na kucha, akakipitisha juu ya ufa mwembamba uliotoka shimo la saba, ukaingia la nane, ukatoka, ukaenda la tisa, ukaendelea.

"Tumeuvunja mgongo," akasema. "Huu sasa si mwamba. Ni mawe yaliyokaa karibu karibu."

Walisimamisha nguzo hivyo hivyo na kuzishindilia kwa kokoto, kokoto zake yeye, za kuuza. Wakafunga nyuzi nane. Fundi akaitikisa nguzo ya tisa. Ikatikisika.

"Inacheza kiasi gani?" Mama Kokoto akauliza.

"Kama jino la mtoto wa miaka sita."

"Na nyingine?"

"Saba hivi ziko hivyo. Waya ndio unaozishika, badala ya zenyewe kuushika waya." Akajifuta mikono. "Kesho nitamwambia."

Mama Kokoto aligeuka akaitazama nyumba, tupu, mlango wake ukiwa bado upo, na nyuma yake ule udongo laini. Alimwambia mumewe kwamba akisema, wanatolewa nje. Nyati hajui kama nguzo inacheza. Nyati anaona waya. Yeye atapasua kokoto mchana kutwa, atauza, atanunua waya wao wenyewe usio wa Mradi, na watavirudisha vikapu kimoja kimoja kwa ndani, mawe si yapo?

"Mwezi mmoja," akasema. "Nipe mwezi mmoja tu, Fundi."

Fundi akachuchumaa, akaanza kushindilia kokoto upya kwenye nguzo ya tisa.

* * *

Bwana Kipimo alikuja na shati jingine safi. Akaiingiza fimbo kando ya nguzo ya kwanza, ikazama bila kugoma mpaka mstari mwekundu, maana pale pote palikuwa kokoto legevu. Akaenda ya pili, ikazama. Kwa majirani, kwenye udongo ulioshindiliwa, ilimbidi aombe nyundo. Hapa iliingia kama kijiko kwenye uji, naye akafurahi.

"Mnaona?" akawageukia watu. "Penye nia pana njia."

Alipofika nguzo ya tisa, Fundi alifungua mdomo. "Bwana," akasema. Mama Kokoto, aliyesimama nyuma yake, akamshika shati kiunoni, akalikunja ngumini.

"Nini, mzee?"

Mwenyekiti alikuwa na karatasi ya cheti mkononi.

"Hakuna," Fundi akasema.

Wakapiga makofi. Mke wa mwenye duka alimkumbatia Mama Kokoto na kumwita shujaa, na siku iliyofuata akampisha kwenye foleni ya maji. Cheti kilitundikwa ofisini kwa mwenyekiti, kwenye fremu.

Watu walipotawanyika, mama mkwe alitoka hadi kizingitini akishika ukuta. Miezi mitano alikuwa hajakanyaga nje ila kwa haja. Aliutazama ua toka upande huu mpaka ule, macho yakimtiririka kwa mwanga.

"Sasa naweza kukaa nje?" akauliza.

Mama Kokoto akamtazama Fundi. Fundi akatazama vidole vya miguu yake.

"Kaa, mama," Mama Kokoto akasema. "Ua umekamilika."

Mzee yule akachagua mahali. Akachagua bapa la jiwe lililo kwenye ua hasa, kati ya nguzo ya nane na ya tisa, kwa sababu jua la asubuhi hugusa pale kwanza na jiwe hushika joto. Mama Kokoto akajaribu kumwambia asogee huku kivulini. Akaambiwa kwamba kivuli amekila miezi mitano, amekinai. Ingehitaji sentensi moja tu. Mama Kokoto aliibeba mdomoni siku nzima, na ya pili, na ya tatu, na kila siku ilizidi kuwa ngumu kuitema, maana sasa ingebidi aeleze pia kwa nini hakuitema jana.

* * *

Siku ya kumi, asubuhi, akaja nyati mmoja. Dume zee, aliyefukuzwa na kundi lake, ngozi ikimwasha kwa kupe. Hakuja kuvamia mtu wala kula bustani. Alikuja kujikuna.

Mama Kokoto alikuwa nyuma ya nyumba akipasua mawe ya kununulia waya. Hakuona chochote. Alisikia kokoto zikiteleza juu ya kokoto, sauti ambayo hakuna mtu duniani anayeijua kumshinda yeye, akajua ni shimo la ngapi. Nyundo ikamtoka mkononi. Alipofika mbele, nguzo ya tisa ilikuwa imelala, na kwa kuwa nyuzi zilikazwa vizuri, na yeye mwenyewe, ya nane ilivutwa ikafuata, na ya kumi, na ya saba, zote zikitoka ardhini na kokoto zake. Nyati akajikuta ndani ya waya, akaogopa. Akageuka akakimbilia porini na ua wote umemnasa kwenye pembe, nguzo saba zikiburutwa nyuma yake juu ya mwamba.

Pembe hazikumgusa mama mkwe. Ni ua ndio uliompitia.

Walimbeba ndani wakamlaza kwenye mkeka. Fundi akakimbia kutafuta gari. Kila mwenye gari alikuwa na safari yake. Mama Kokoto alibaki naye, akimfuta uso kwa kanga iliyoloweshwa. Mwanamke mzee alikuwa na akili zake zote. Alipumua kwa hesabu, kama anayepanda ngazi.

"Ilikuwa inacheza?" akauliza.

Mama Kokoto angeweza kusema uongo tena. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Ndiyo, mama. Tulijua."

Nje majirani walikuwa wanajaa, wanauliza nani ameacha wazi.

"Ungeniambia, mwanangu," mama mkwe akasema, bila hasira, kama anayesahihisha chumvi ya mboga. "Ningekaa upande wa pili."

Alikufa saa sita na robo. Gari lilifika saa nane.

* * *

Kaburi halichimbiki mwambani. Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye udongo laini, na vijana walioshika majembe walimaliza kabla hata jasho halijawatoka.

Siku ya tatu ya msiba alikuja Bwana Kipimo. Alivua kofia, akatoa pole, akakaa kwenye jiwe kwa kuwa kiti hakikuwapo. Kisha akasoma alichokwisha kuandika: nguzo zilizikwa kwa kina kinachotakiwa, ua uliharibika kwa sababu marehemu alizoea kuuegemea. Akampa Fundi kalamu atie sahihi.

Fundi aliishika kalamu ile muda mrefu. Angetia sahihi, ua ungejengwa tena pale pale, naye angebaki ndani. Kosa lingekuwa la mama yake, na mama yake hana tena la kupoteza.

"Mama yangu alikuwa na uzito wa debe la mahindi," akasema mwishowe. "Hakuangusha nguzo yeye. Zilikuwa zinacheza, nami nilijua."

"Nilikuuliza siku ile mbele ya watu. Ukasema hakuna."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungetutoa nje."

"Mimi ndiye niliyemshika shati," Mama Kokoto akasema. "Iandike na hiyo."

Bwana Kipimo hakuiandika. Aliandika kwamba kaya ilificha kasoro kwa makusudi. Akakata mstari chini ya sentensi yake, akavaa kofia, akatoa pole mara ya pili. Habari ya vikapu kumi na vinne vilivyosimama, vilivyolishinda dume la ng'ombe, vilivyovunjwa kwa amri yake mwenyewe mchana kweupe, majirani wote wakitazama, haikuandikwa na yeyote. Mwenyekiti alipoulizwa kama anaikumbuka, alisema mambo ni mengi.

Jana wamekuja wapimaji. Wamepigilia vigingi saba vyenye rangi nyekundu kichwani, kutoka kwenye kona ya mwenye duka, nyuma ya nyumba ya Mama Kokoto, hadi upande wa pili. Mstari umepita kati ya ukuta wa jikoni na kaburi. Yaani mama mkwe yuko ndani ya ua, amehifadhiwa, na waliomzika wako nje na nyati. Mama Kokoto alimuuliza mpimaji kama ataachiwa kilango cha kwenda kupalilia kaburi. Akaambiwa aandike barua.

Sasa wewe. Umesoma mpaka hapa, huna tena la kusema hukujua. Leo ni Jumamosi. Wachimbaji wanakuja Jumatatu asubuhi, na kwenye udongo ule watamaliza kabla ya saa nne. Usitume pole, wamezipata za kutosha. Usiende kuuliza walikosea wapi, wanajua, na wanalala nalo sakafuni. Nenda na mikono yako na shingo yako ikiwa imenyooka. Mchukue na mwenzako aliyepita siku ile akaona moshi. Simameni juu ya mstari ule kabla sururu ya kwanza haijainuliwa, mwambieni mwenye fimbo kwamba ua unarudi mwambani, juu ya mawe yaliyofungwa waya, na kwamba safari hii atausukuma kwa bega lake mwenyewe ndipo aandike. Vigingi ni saba, vimepigiliwa kwa nyundo ndogo, vinang'oka kwa mkono mmoja. Inuka. Kang'oe.